Mgeni Njoo, Barabara Ipone

Siku hizi hapa Uganda kiongozi akikosa la kuzindua huzindua kivutio cha utalii. Shule inataka walimu, zahanati inataka dawa, lakini kivutio kinataka hema, utepe, mkasi na kipaza sauti tu. Mimi mkazi wa Kampala, mlipa kodi ya nyumba na mla chapati wa siku nyingi, nimeanza kutembea kwa tahadhari. Naogopa siku moja nitasimama mahali nikikuna kichwa, apite mheshimiwa na msafara wake, nizinduliwe.

Msidhani natania. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya rolex, ile chapati yetu ya kando ya barabara iliyoviringishiwa mayai, nyanya na kabichi. Miaka yote tuliila tukiwa na njaa, hatukujua kwamba tunatalii. Waziri wa nchi wa utalii wakati huo, Godfrey Kiwanda Suubi, aliipigia debe kama bidhaa ya utalii, nayo ikapata na tamasha lake. Heshima hiyo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kijana anayekaanga pale kituoni kwetu, ambaye tangu asikie kwamba yumo katika sekta ya utalii ameongeza bei na kupunguza nyanya. Nilipomuuliza, alinijibu huku anapasua yai: "Ssebo, hii sasa ni ya kimataifa."

Februari 2019 waziri huyohuyo akazindua shindano la Miss Curvy Uganda, la wanawake walioumbwa wakaumbika, akataka nao wawe sehemu ya mambo ya kuwavuta watalii. Wanawake na wanaharakati wakaja juu nchi nzima. Nyumbani kwangu Mama Salma alizima redio, akanitazama kitambo, kisha akasema taratibu: "Baba Salma, kumbe miaka yote hii unaishi ndani ya mbuga ya taifa, na kiingilio hujawahi kulipa." Jioni ile nilirudi na kuku.

Tulikuwa pia na kampeni ya Tulambule, ya kutuhimiza sisi wenyeji tuzuru nchi yetu wenyewe. Januari 2022 ikaja nembo mpya, na ule usemi wa zamani wa Lulu ya Afrika ukang'arishwa upya. Sifa hiyo hunasibishwa na Winston Churchill, aliyepita huku 1907 na kuandika kitabu cha safari yake mwaka uliofuata. Namheshimu marehemu, lakini alipita. Hakuwahi kupanga chumba. Hakuwahi kukaa ndani ya takisi pale Jinja Road saa kumi na mbili jioni, goti la jirani likiwa mbavuni na kondakta akiapa kwamba nafasi ya mtu mmoja bado ipo. Angekaa pale, lulu angeiandika kwa herufi ndogo.

Ubaya wa matangazo haya ni kwamba yanasikika hadi Tanga. Mdogo wake Mama Salma aliyasikia, akapanda basi, akashuka na begi, tenga la maembe na sentensi moja: "Shemeji, nimekuja niione hiyo lulu." Tangu hapo nikawa mwongoza watalii bila mshahara, bila kofia, bila leseni, na nauli nalipa mimi.

Tulianza na Kasubi, maana mgeni wa Kampala asiyefikishwa Kasubi ni kama hajafika. Kutoka kwetu Kibuli hadi Kasubi ni mwendo mfupi ukiwa kalooli. Kwa wasiomjua, kalooli ni yule ndege mkubwa mwenye upara anayesimama juu ya mapipa ya taka na taa za barabarani kama karani aliyestaafu, akitutazama tulivyokwama. Yeye anafika. Sisi tulitoka asubuhi, tukavuka katikati ya mji hatua kwa hatua, na shemeji aliyapitia majengo yote ya Kampala kwa utulivu ambao hakuna mpango wa utalii ungeweza kumpa.

Lakini Kasubi ni Kasubi. Pale ndipo ilipo Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kubwa ya nyasi iliyojengwa 1882 kuwa jumba la Kabaka Mutesa wa Kwanza, ikageuka kaburi lake alipofariki 1884. Baada yake walizikwa hapo Mwanga, Daudi Chwa, na Mutesa wa Pili, yule aliyekuwa pia rais wa kwanza wa Uganda, akafia uhamishoni London mwaka 1969 na kurudishwa nyumbani 1971. UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 ikaungua, watu wazima wakalia barabarani, na mwaka huohuo ikaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ilitolewa katika orodha hiyo Septemba 2023.

"Miaka kumi na mitatu kwa nyumba ya nyasi?" shemeji akashangaa.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini alimsikia. Alimweleza kwamba nyumba ile haina fundi wa kuokotwa kituoni. Kuezeka ni kazi ya watu wa ukoo wa Ngeye, walioirithi kwa baba zao. Zile pete unazoziona juu darini ni 52, kwa hesabu ya koo za Buganda. Kila fundo lina mwiko wake, na mwiko hauharakishwi na mfadhili. Shemeji alivua viatu, akanyamaza. Hata mimi nilinyamaza, na wanaonijua watakubali kwamba hilo ni tukio.

Kwa hiyo tusielewane vibaya. Silalamikii Kasubi. Nalalamikia kufika Kasubi. Na huu ndio wimbo wangu kwa kila kivutio cha nchi hii: chenyewe kizuri, balaa lipo njiani.

Jioni shemeji akauliza habari za gorila. Nikamweleza kwamba tangu Julai 2024 kibali cha kuwatazama ni dola 800 kwa mgeni atokaye mbali, na shilingi za Uganda 300,000 kwa raia wa Afrika Mashariki. Alifurahi kusikia kwamba Tanga ni Afrika Mashariki. Furaha ikapungua aliposikia kwamba Bwindi iko kule pembeni kabisa kusini-magharibi, siku nzima barabarani, na mwisho wake ni kupanda milima kwa miguu. "Hapa mjini hamna mnyama wa karibu?" Nikamwonyesha kalooli juu ya nguzo. Bure, hana kibali, na hakimbii watu.

Tukaenda ikweta, Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka. Kuna duara jeupe la saruji la kupigia picha, na kuna vijana wenye mabeseni matatu. Beseni la upande wa kaskazini maji yanazunguka hivi, la kusini yanazunguka vile, la katikati yanashuka wima bila kuzunguka, na ua dogo linaelea juu kama shahidi. Shemeji alipiga makofi. Mimi, kwa kuwa mdomo wangu haujui likizo, nikaanza kueleza kwamba nguvu ya mzunguko wa dunia hugeuza tufani ya mamia ya kilomita, haina uwezo juu ya beseni, na kwamba siri iko kwenye namna kijana anavyomimina maji. Shemeji alinivuta shati. "Shemeji," alisema, "waache watoto wa watu wale."

Jinja nako tulifika, kwa kupitia Namawojjolo, ambako wauzaji waliingiza mishikaki na gonja dirishani kabla dereva hajasimama. Pale chanzo cha Nile unalipa kiingilio, unapanda boti, unaonyeshwa mahali palipokuwa na maporomoko ya Ripon. Palipokuwa, nasema, kwa sababu yalifunikwa na maji bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa 1954. Kwa hiyo mtu anatoka Tanga na pesa zake kuja kutazama maporomoko ambayo hayapo. Ng'ambo ya pili umesimama mnara wa John Hanning Speke, aliyefika hapo Julai 1862 na kuambiwa amegundua. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeongoza wapagazi wa msafara ule na kumtafsiria Speke kwa Kihindi na Kiswahili, hana hata jiwe. Sisi tunaosema Kiswahili tuliona jambo hilo, tukalisema kwa sauti kubwa ndani ya boti. Nahodha aliongeza mwendo.

Turudi mjini, kwenye matamasha, kwa maana mwaka wa Kampala hauhesabiwi tena kwa miezi. Aprili kuna mbio za siku ya kuzaliwa Kabaka. Hukimbii mpaka ununue fulana rasmi, na kwa kuwa fedha huenda kwenye jambo jema, kama vita dhidi ya UKIMWI au ugonjwa wa selimundu, kila jamaa anakuuzia na huna pa kujificha. Mwenye nyumba wangu, ambaye ngazi za ghorofa moja zinamtoa jasho, anazo fulana za kila mwaka. Tarehe 31 Desemba kuna Enkuuka katika Lubiri ya Mengo, ambako Buganda hufunga mwaka kwa ngoma mpaka masikio yaombe msamaha. Mwaka 2012, nchi ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, halmashauri ya jiji ilianzisha tamasha la mji la mwezi wa Oktoba, lenye magari yaliyopambwa, bendi na wachezaji. Ili gari lililopambwa lipite, barabara ilifungwa kwa magari yasiyopambwa, yaani yetu.

Kuna na lile tamasha la muziki la Jinja, lililoanza 2015, ambalo jina lake siwezi kulitaja mbele ya mama mkwe wangu wa Tanga, na shemeji naye aliinamisha uso alipoliona kwenye bango. Mwaka 2018 waziri wa maadili, hayati padri Simon Lokodo, alilipiga marufuku, na marufuku ikaondolewa upesi. Mwaka 2022 wabunge wakataka lisimamishwe, serikali ikaliruhusu kwa masharti. Waandaaji hawana haja ya matangazo. Wao wanasubiri tu mheshimiwa akasirike.

Basi baada ya kelele zote hizo, nitajieni shughuli moja inayojaza watu Kampala kuliko zote. Ni hija ya Namugongo, tarehe 3 Juni, na haikubuniwa na ofisi yoyote. Watu wanatembea kwa miguu kutoka Uganda ya mbali, Kenya, Tanzania, Kongo, wengine kwa wiki nzima na zaidi, na viatu wanavyofika navyo havifanani na walivyotoka navyo. Wanakwenda kuwakumbuka mashahidi Wakristo waliouawa kati ya 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wakatoliki 22 kati yao walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964, na mwenyewe akaja 1969. Kanisa la pale limejengwa kwa umbo la nyumba ya Kiganda likibebwa na nguzo 22. Waanglikana nao wana mahali pao hapohapo, na Waislamu wanawakumbuka wenzao waliouawa kabla, enzi za Mutesa wa Kwanza. Mahujaji wanarudi kwao na madumu ya maji. Hakuna mrembo, hakuna mkasi. Watu wanakuja kwa sababu pale pana jambo.

Nililitafakari hilo nikiwa nimekwama kwenye jamu ya Kireka, maana siku ile hata mtu asiyekwenda Namugongo huwa anakwenda Namugongo.

Na vivutio tulivyo navyo tayari, mara nyingi ndivyo vinavyoponea chupuchupu. Jumba la Makumbusho la Uganda lilianzishwa 1908, ni mzee kuliko nchi yenyewe. Jengo lake la sasa pale Kitante lilichorwa na Ernst May, Mjerumani, likafunguliwa 1954. Lina ngoma, zeze, vinubi na marimba za amadinda ambazo zilikuwa zinapigwa, si za kutazamwa tu. Mwaka 2011 ukatoka mpango wa kujenga hapo mnara wa biashara wa ghorofa 60. Wapenda urithi wakaenda mahakamani, na mnara haukujengwa. Hebu fikirini: mkono mmoja unabuni kivutio cha chapati, mkono wa pili unatafuta nyundo ya kubomoa makumbusho.

Kwa maoni yangu onyesho bora la sanaa lililopata kufanyika Kampala lilikuwa lile la Aprili 2023. Jimmy Spire Ssentongo, mchora katuni na mhadhiri wa chuo kikuu, aliwaalika watu mitandaoni washiriki Maonyesho ya Mashimo ya Kampala. Kila mmoja alete picha ya shimo la barabara ya kwao. Wee! Picha zilimiminika. Mashimo ya duara, mashimo ya mraba, mashimo yenye maji, mashimo ndani ya mashimo. Watu walishindana kama wenye harusi mbili mtaa mmoja. Haikuchukua muda, rais akaagiza halmashauri ya jiji ipewe shilingi bilioni 6 za kuyaziba. Hakuna kivutio kingine nikijuacho kilicholeta fedha za serikali kwa kasi ile, tena bila hema.

Hapo ndipo akili ilinifunguka, na naomba mnisikilize vizuri. Novemba 2007 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikuja Kampala kwa mkutano wao, na Malkia Elizabeth akiwemo. Mahoteli yakaota, lami ikamwagwa, kingo za barabara zikapakwa chokaa. Januari 2024 wakaja wakuu wa nchi zisizofungamana na upande wowote, mkutano ukawa Munyonyo, na barabara za kuelekea huko zikapata viraka vya mbio. Katika mji huu shimo halizibwi kwa sababu ni kubwa, wala kwa sababu ni la zamani. Linazibwa kwa sababu kuna mgeni atapita juu yake.

Wahenga wa pwani walilimaliza hili zamani: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilidhani walikuwa wanazungumzia pilau. Kumbe walikuwa wanazungumzia lami.

Kwa hiyo nimeacha kupinga vivutio. Nataka changu. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa LC1 wa kijiji chetu na barua safi, nikaomba njia yetu itangazwe kuwa kivutio cha utalii.

"Hajji," alisema, akitafuta miwani, "kivutio kinataka maajabu."

Nikamtajia maajabu. Kule Mengo kuna Ziwa la Kabaka, ambalo Mwanga aliwachimbisha watu wake kwa mikono katika miaka ya 1880. Mabwana wakubwa walibeba udongo, wengine wakanuna, na kazi ile ikamtia Mwanga katika ugomvi. Ziwa letu sisi, pale katikati ya njia, limejichimba lenyewe. Hakuna raia aliyesumbuliwa. Lina bata wa jirani yangu, lina vyura wanaoimba baada ya isha, na mvua ikinyesha lina mkondo wa kuingia na wa kutoka kama Nile yenyewe.

"Kivutio kinataka pia historia."

Historia tunayo. Humo alizama bodaboda na abiria wake, wakatoka wote wakiwa wamepatana na Mungu. Humo kuna kandambili ya mguu wa kushoto ya shemeji yangu kutoka Tanga, ambayo haikuonekana tena, na wataalamu wa mambo ya kale wataichimbua karne ijayo wakidai biashara ya pwani na bara ilifika mpaka Kibuli. Mwingereza Lugard alipiga kambi Old Kampala mwaka 1890 akatengenezewa kumbukumbu. Kandambili nayo imefika, na imekaa kuliko yeye.

Mwenyekiti alicheka mpaka akakohoa, akapiga muhuri, akaniambia barua yangu ipande ngazi za juu. Imepanda. Bado inapanda. Nadhani nayo iko kwenye jamu.

Sasa tumaini langu ni mpira. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 tumekabidhiwa sisi na majirani zetu Kenya na Tanzania, na uwanja wetu wa Namboole ulipokea mechi za mashindano ya CHAN Agosti 2025, kwa hiyo wageni njia wameshaijua. Najua tunavyojiandaa. Kutabuniwa ngoma mpya, vazi jipya, rolex ya rangi za bendera, na pengine warembo watazinduliwa tena, Mungu atuepushe, kuku wamepanda bei.

Waheshimiwa, msijisumbue. Kampala ina mambo ya kutosha. Kasubi ipo, Namugongo ipo, makumbusho yapo, Mengo ipo, na msikiti wetu wa Kibuli uko juu ya kilima chake, unaonekana toka mbali. Haikosi cha kuona, inakosa njia ya kukifikia na choo safi ukishafika. Mtu akiweza kuvuka mji wake bila kuumia kiuno, atazuru bila kampeni, na mgeni atamfuata nyuma.

Nanyi ndugu zangu mnaokuja 2027, nawaomba kitu kimoja. Mkishuka Entebbe msikubali kupitishwa ile barabara ya kasi ya kulipia peke yake, mkafikishwa hotelini mkidhani mmeiona Uganda. Mwambieni dereva kwamba mnataka kupita Kibuli, njia ya chini, upande wa bata. Semeni kwa sauti, mbele ya viongozi, na semeni mapema, mwaka mmoja kabla ikiwezekana. Rolex nitanunua mimi.